Habari za Vita vya Soksi Makongeni, na Neno Lililoviwasha

Mzee Matheka anadai, tena hudai akiwa amesimama na mbele ya mashahidi, kwamba Jumamosi ile liliingia Makongeni jeshi la watu arubaini kutoka ng'ambo, wamebeba kamera yenye ukubwa wa friji, na pamoja nao mnyama wa manyoya aliyefungwa kwenye ncha ya mti, kazi yake kuwanusa wachezaji na kumtambua mwenye hila. Anadai kwamba Mama Mutie aliruka hadi akaonekana na watu waliosimama upande wa pili wa Jogoo Road, kwamba mpira ulipopita hewa ilitoa moshi, na kwamba vita vilipochacha ni yeye, Matheka, karani mstaafu wa reli, aliyeinua fimbo yake akaamuru kila kitu kisimame, na kila kitu kikasimama.

Jongeeni basi, enyi mliokuja kuteka maji. Tueni mitungi yenu, aliye na mtoto mgongoni akaze leso, aliye na simu mkononi aipumzishe, maana habari hii ni kubwa, foleni ni ndefu, na mimi nilikuwepo. Nanyi masikio yangu mawili, mlionitumikia miaka sita katika kibanda hiki bila likizo, msinitupe sasa ninapowahitaji.

Jeshi lile lilikuwa la mtu mmoja. Jina lake Mitchelle, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo cha filamu huko mjini, mwenye begi moja na viatu vyeupe ambavyo havikurudi kwao vyeupe. Kamera ilitosha kiganjani. Na yule mnyama alikuwa ni maikrofoni iliyovishwa manyoya ili upepo usiiguse, ikafungwa kwa selotepu kwenye mpini wa ufagio wa kuondolea utando. Aliyeushika mpini huo ni mimi, Nzembi binti Mwangangi, Mlinzi wa Mfereji, Mwenye Sikio Lisilolala, nijuaye bila kugeuka kwamba mtungi wa lita ishirini umefika shingoni, kwa kuwa sauti ya maji hupanda ikipanda hadi mwisho ikawa nyembamba kama ya mtu anayeita kwa mbali.

Mitchelle alikuja kwa sababu mwalimu wake alikuwa amechoka. Darasa zima lilimpelekea filamu za kandanda na ndondi, akawaambia, nileteeni mchezo ambao sijauona, dakika nane, na ndani yake kuwe na mchezo mzima, mwanzo hadi mwisho, bila kukatwa hata mara moja. Mitchelle akauliza huku na kule, akaelekezwa kwetu, ambako kila Jumamosi, nguo zikishaanikwa, wanawake watu wazima, mama za watu, huingia uwanjani kati ya nyumba na kucheza kati.

Kati, kwa asiyeijua, ni mchezo wa watu watatu. Wawili husimama pande mbili wakiwa na mpira, wa tatu husimama katikati na kukwepa. Kila akikwepa anahesabu, na akiguswa ametoka. Kwetu huhesabiwa hadi ishirini. Na ipo sheria moja, kongwe kuliko bomba hili, kwamba hakuna mpira utakaotupwa kabla ya aliye katikati kujiweka sawa na kutamka kwa kinywa chake, "Kati." Likishatamkwa hilo, huruma imekwisha, hata kama ni mama mkwe wako.

Siku ile mashujaa walikuwa hawa. Katikati, Mwongeli, ambaye sisi humwita Mama Mutie, Mkwepa-Risasi wa Gikomba, mwenye kiuno kisichokamatika, anayechambua mitumba ya watoto tangu alfajiri na kurudi na soksi zilizokosa wenzake, ambazo ndizo hushonwa kuwa mpira. Upande wa mashariki, Hibaq muuza vitambaa, mwenye dera refu na mkono mrefu kulishinda, ambaye hutupa akiwa anaongea na mtu mwingine. Upande wa magharibi, Ndunge msusi, mwenye vidole visivyochoka, ambaye hachelewi kuokota.

Mitchelle akatukusanya, akatutazama mmoja mmoja, akatoa hotuba.

"Sasa mamangu na madada, hii ni filamu yenu. Hakuna mtu ataigiza. Chezeni vile mnachezaga. Na kila mtu atakayefanya kazi hapa leo, jina lake litaandikwa mwisho, kwa herufi nyeupe. Majina yote, hata ya mwenye kushika mti."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoukaza mpini. Jina langu limewahi kuchapishwa mara moja tu duniani, kwenye cheti cha darasa la nane, nalo wakaliandika Nzembe. Nilienda shuleni mara tatu lirekebishwe, nikaambiwa hiyo herufi moja haimzuii mtu kuishi. Ni kweli, sijazuiwa. Lakini herufi nyeupe, juu ya weusi, zikipanda polepole huku watu wamekaa kimya wanasoma, hizo sikuwa nimewahi kuahidiwa. Nikajiambia, Nzembi, mti huu usianguke hata mbingu zikianguka.

Kibanda nikamwachia Mzee Matheka. Nikamwambia, "Mzee, mtungi ukifika shingoni, funga mfereji." Akanijibu kwamba amewahi kuongoza mizigo ya treni tatu kwa saa moja, sembuse mtungi. Akaketi, akaweka fimbo magotini, akaanza kumsimulia mteja wa kwanza habari za treni hizo.

Mitchelle akasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, akainama, akainua mkono, akasema, "Ekshen."

Kuku mmoja akapita. Hibaq akabadilisha mpira kutoka mkono wa kulia hadi wa kushoto.

"Mbona hamchezi?" Mitchelle akauliza.

"Tunangoja kati," akasema Hibaq.

"Si mko katikati? Mama Mutie yuko hapo katikati."

"Tunaona yuko katikati, mama. Tunangoja kati."

Mitchelle akanitazama kama mtu anayetafuta mkalimani. Kabla sijafungua kinywa, Mama Mutie akajifunga leso ya pili, akatikisa mabega, akasema "Kati," na ndipo ulimwengu ukaanza kwenda.

Nani atasimulia mipira ile ya kwanza? Ulikwenda wa Hibaq, ukapita chini ya kwapa la Mama Mutie kama mgeni asiyetaka chai, naye akanena, "Moja." Ukarudi wa Ndunge, chini kwa chini, Mama Mutie akauruka, "Mbili." Tatu akainama, nne akapinda, tano akasimama tu akautazama ukipita, kwa dharau. Kwenye hedifoni alizonivisha Mitchelle nilisikia kila kitu, viatu vya raba vikikwaruza, pumzi zikitoka puani, hata mifupa ya goti ya Mama Mutie ikilia, na nikajua kwamba mambo haya hakuna anayeyasikia ila mimi.

Alipofika sita, akaingia adui. Alikuja kwa mkokoteni, na juu ya mkokoteni palikuwa na kipaza sauti, na kipaza sauti kile kiliuliza Makongeni nzima kama ina vyuma kuukuu, betri mbovu, redio zilizokufa, masufuria yaliyotoboka. Mimi nilivua hedifoni upande mmoja nisije nikawa kiziwi. Mama Mutie, alipoona mkokoteni unapita nyuma yake, akasimamisha mchezo, akaupa mgongo uwanja, akainama kukaza kamba ya kiatu. Naye Mitchelle, alipoona sauti yake imeharibika, akafanya kama alivyofundishwa, akapaza sauti kwa nguvu zake zote.

"Kat."

Hibaq ana miaka thelathini na minne, na tangu akiwa na sita, neno hilo likifika sikioni mwake, mkono huondoka. Mkono ukaondoka. Mpira ukavuka uwanja kwa kasi ambayo hata Mzee Matheka hajaitia chumvi, ukamkuta Mama Mutie ameinama vile vile, ukatua pale ambapo historia haina haja ya kupataja.

Mama Mutie akainuka polepole sana.

"Nani amesema kati?"

"Si wewe?" akasema Hibaq.

"Mimi nimeinama hapa nafunga kiatu, nitasemaje kati? Nimesema kwa mdomo gani?"

"Ni mimi," akasema Mitchelle. "Lakini sikusema kati. Nilisema kat. Kat ni simama. Ni acheni."

"Sasa," akanena Mama Mutie, akijipangusa vumbi kwa heshima kubwa, "wewe mtoto, unakuja kwa watu, unawakuta wanacheza kati, unawaambia kati, halafu unashangaa wakicheza kati. Huko chuoni mkitaka mtu aache kula mnamwambia kula?"

"Mama Mutie ametoka?" Ndunge akauliza kutoka magharibi. "Nauliza tu. Amegongwa."

"Nitatokaje na sikuita?"

"Kati imeitwa."

"Na mtu wa kamera."

"Sheria haisemi nani."

"Sheria inasema aliye katikati."

Mambo yakawa mazito. Wanawake wakashuka ngazi na vibeseni vya nguo, pande mbili zikajigawa zenyewe bila kupangwa, na ikabidi atafutwe mtu wa kuamua. Mzee Matheka akaja, ameuacha mfereji ukiwa umefungwa, hilo nampa. Akasikiliza pande zote, akasimama kwa fimbo, akatoa hukumu ambayo hadi leo inarudiwa kwenye ngazi.

"Neno hili," alisema, "limekuwa hapa kabla ya bibi huyu kuzaliwa. Limekuwa hapa kabla ya mimi kupewa nyumba. Huwezi kuchukua neno la kuanzisha ukalifanya la kumalizia. Tukikubali hilo, kesho mtu atapuliza kipenga treni iondoke, isimame."

"Mzee, ni Kiingereza," akasema Mitchelle kwa upole.

"Hata Kiingereza, kikiingia Makongeni, kinapanga foleni."

Ikaamuliwa kwamba pigo lile halikuhesabika, mchezo uanze upya, na Mitchelle achague neno lingine. Akasema, basi nitasema "basi." Haikufaa, kwa kuwa Mama Mutie husema basi kila akivuta pumzi. Akasema, nitasema "stop." Tukajaribu. Likaja gari la maziwa, Mitchelle akasahau, ulimi ukamtoka ule ule, "Kat," na mkono wa Hibaq ukaondoka ule ule, na safari hii ni kamera iliyonusurika kwa upana wa kidole. Ilipofika mara ya tatu, taa ndogo kwenye kamera ikawa nyekundu. Betri ya pili ilikuwa imebaki chuoni kwenye chaji.

Mitchelle akachuchumaa. Nilimwona akihesabu kwa midomo. "Imebaki kama dakika saba," akaniambia mimi, kwa kuwa nilikuwa karibu. "Mchezo mzima unachukua dakika ngapi?"

"Mama Mutie akiwa na hasira, sita."

"Na nikisema tena hilo neno?"

Hibaq aliyesikia hayo akaingia nyumbani kwake, akatoka na mahamri moja kubwa, ya asubuhi, iliyokauka vizuri. Akamwinua Mitchelle kidevu kama anayemlisha mgonjwa.

"Uma. Usitafune, usimeze, uma tu. Ukitaka kusema, sema na hiyo."

Hivyo ndivyo mwongozaji wa filamu alivyoingia kwenye pambano la mwisho, mahamri kinywani, machozi karibu, mkono juu. Mzee Matheka akarudishwa kibandani, mtungi mpya ukawekwa, mfereji ukafunguliwa. Nami nikauinua mpini. Mama Mutie akakanyaga mstari, akatupia macho mashariki na magharibi, akasema, "Kati."

Sikilizeni, ninyi mnaodhani kushika mti ni kazi ya mtu asiye na kazi. Shikeni ufagio juu ya kichwa, mikono imenyooka, msitikise, maana kila kidole kikisogea kwenye mpini kinalia masikioni kama panya kwenye dari. Mpira wa tano, mabega yangu yakaanza kuzungumza. Wa nane, yakaanza kugombana. Wa kumi, akaja nzi mmoja, mwenye muda wote wa dunia, akatua puani kwangu, akatembea hadi kwenye mdomo wa juu, akanawa mikono. Sikumpuliza, kwa kuwa pumzi yangu ingeingia kwenye filamu. Nilimtazama tu, naye akanitazama, hadi kwenye kumi na mbili akachoka yeye.

Kumi na nne. Kumi na tano. Mama Mutie alikuwa amelowa jasho, hahesabu tena kwa dharau, anahesabu kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Na hapo, nyuma ya sauti ya viatu, kwa mbali, nikasikia mtungi. Niliujua. Maji yalikuwa yamepita mabega, yanapanda shingoni, sauti inakuwa nyembamba, nyembamba, na juu yake sauti ya Mzee Matheka, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaiingiza treni ya pili stesheni katika simulizi yake. Kinywa changu kilitaka kusema, Mzee, funga. Mdomo nikaufunga mimi. Kumi na sita. Maji yakaanza kumwagika. Kumi na saba. Yakashuka kwenye jukwaa la mbao. Kumi na nane. Yakavifikia viatu vya mzee, viatu vya ngozi, vya kazi, alivyoagwa navyo reli.

Fimbo, ndugu zangu, kweli iliinuliwa. Hilo Mzee Matheka hadanganyi. Aliinua fimbo na miguu yote miwili kwa wakati mmoja.

Hibaq, ambaye mkono wake tayari ulikuwa umeondoka, akaiona fimbo hiyo pembeni mwa jicho, shingo ikageuka, na mpira wa kumi na tisa ukaacha njia. Ulikuja kwangu. Niliuona tangu mbali, soksi ya buluu, soksi ya kijani, soksi yenye picha ya dubu. Nilikuwa na muda wa kutosha kuinama, na nilipima hivi: nikiinama, mti unashuka, sauti inakatika, Mitchelle anafeli, na herufi nyeupe haziandikwi. Nikasimama.

Pu.

Ulitua katikati ya paji la uso. Sikusema uwi. Sikusema mama. Mpini haukutikisika hata unywele. Mama Mutie akaona nilichofanya, akanena kwa sauti ya chini, karibu kama sala, "Kumi na tisa." Ndunge akaruka, akauokota mpira miguuni kwangu, akautupa papo hapo kutoka pale pale, na Mama Mutie, akiwa amepinda kama herufi S kwenye ubao, akauacha upite nyuma ya mgongo.

"Ishirini."

Taa nyekundu ikazimika. Mitchelle akaitoa mahamri kinywani, akasema lile neno taratibu, akalia. Hakuna aliyetupa kitu. Mpira alikuwa ameukalia Mama Mutie.

Baadaye akapita kwa kila mtu na kidaftari. Mama Mutie akamtajia jina lake kamili, Mwongeli Nzivo, na la marehemu babake kwa ziada. Hibaq akamwandikia mwenyewe. Alipofika kwangu, nilikuwa nimeshika kopo la maji baridi usoni, na yule mtu wa vyuma kuukuu alikuwa anarudi.

"Na wewe dada, unaitwa?"

"Nzembi."

"Nani?"

"Nzembi. Mwisho ni i."

Kipaza sauti kikauliza masufuria. Niliona kalamu yake ikitembea. Niliiamini.

Wiki tatu zikapita. Jumapili iliyopita filamu ikatumwa kwa simu ya Ndunge, tukaizunguka watu kumi na mmoja hapa hapa kibandani, hadi mteja mmoja akajihudumia. Imetoka vizuri, sisemi uongo. Mama Mutie anaonekana mrefu. Dakika ya sita ikafika, na ndani yake, wazi kabisa, ikasikika: pu. Watu wakapiga vigelegele. Mama Mutie akasema paji hili lihifadhiwe, lisikunjwe ovyo. Hibaq akaniomba radhi mbele ya umati, kwa hotuba, akaniletea mahamri, laini. Na Mitchelle alikuwa ameandika chini ya filamu kwamba mwalimu alisimamisha hapo, akairudia sauti hiyo mara tatu, akawaambia darasa ndiyo moyo wa filamu yote, akauliza ni nini. "Nikamwambia ni sauti ya mtaa," aliandika Mitchelle. Ijumaa itaonyeshwa chuoni kwenye ukumbi mkubwa, mbele ya wageni.

Kisha herufi nyeupe zikapanda. Mwongeli Nzivo. Hibaq Abdiwali. Ndunge. Mshauri wa Historia, Mzee Matheka Ngui. Na ya mwisho kabisa: Sauti, Dada wa Maji.

Ndunge akasema si mbaya, ni kama cheo. Nikamwambia ni kweli.

Jumatatu nilimwandikia. Niliandika mara nne nikifuta, nikatuma hii: "Mitchelle, habari ya masomo. Ni mimi niliyeshika mti. Ile sauti si ya mtaa, ni ya paji langu, na sikukasirika. Jina langu ni Nzembi Mwangangi. N, z, e, m, b, i. Naomba uliandike kabla ya Ijumaa, hata kwa herufi ndogo." Alama za kusomwa zikawa buluu saa ile ile.

Leo ni Alhamisi, jibu bado. Simu ninayo hapa mfukoni, upande wa sikio lisilolala, na imechajiwa. Basi iandikwe hata kwa makaa kwenye ukuta wa kibanda hiki, na wajukuu waambiwe, kwamba katika vita vya soksi vya Makongeni alikuwepo aliyesimama, akapigwa, na mti haukuanguka.

Mzee Matheka, uko karibu na mfereji. Huo mtungi umefika shingoni, naomba ufunge. Mzee. Hizo treni zitangoja. Mzee Matheka.